Chumba Namba Sita

Saa tisa usiku, Spalding, mwezi wa Januari,
mashine ya kupima hewa ikaanza kulia,
ti, ti, ti, kama kifaranga aliyeachwa.
Namba sita hatukuiwekea gesi.
Namba sita ni malimau mabichi kutoka Hispania,
yabaki kijani hadi wiki ya pili ya Februari,
ndivyo isemavyo karatasi ya Bwana Pinchbeck.
Nikavaa koti la baridi, nikachukua tochi.

Ndani, feni tu.
Masanduku yamepandana hadi darini,
kila limau ndani ya karatasi yake nyembamba.
Lakini safu ya chini, pembeni, kijani kimeshaanza kukimbia:
malimau yamegeuka rangi kama watu waliosikia habari
na hawajui nani aliyewaambia.

Nikafungua masanduku kumi na moja.
La kumi na mbili, nikalikuta.
Limau moja limejipaka unga
wa rangi ya zeituni, pindo jeupe,
laini hivi, kidole kikazama.
Halikugusa jirani. Karatasi ilikuwa kati yao.
Lilipumua tu.

Kwetu Muleba wangesema, samaki mmoja akioza.
Lakini samaki hunuka, unajua pa kukimbilia.
Hii ni kaboni mbili zilizoshikana mikono yote miwili,
hidrojeni nne ubavuni,
basi,
kitu kinachopita kwenye karatasi bila hodi.

Danutė anasoma biokemia jioni, analala mchana.
Tulipokula mkate wake mweusi aliniambia:
mmea huifikia gesi hii kwa barabara ya methionini,
kituo kwa kituo;
kuvu huyu hukata kichochoro cha glutamati
akatokea pale pale.
Na bakteria wa udongoni, akasema, wana vichochoro vyao.
Nikamuuliza, anaitakia nini?
Kuvu hana tunda la kuivisha.
Hana jani la kudondosha.
Akatafuna.
Akasema vitabu bado vinabishana.

Mimi nilikuwa shimoni.
Shimo la ndizi nyuma ya nyumba ya mama,
majani makavu, moshi ukipulizwa kwa bomba la mpapai,
udongo juu, siku tano usifunue.
Tuliita kuvundika.
Na kilichoharibika tuliita kilichovunda.
Miaka arobaini nimeyatamka maneno hayo
na sikuwahi kusikia kwamba ni ndugu
mpaka nilipochuchumaa kwenye sakafu ya zege
na limau bovu ndani ya glavu.

Pinchbeck alikuja saa kumi na mbili, soksi hazifanani.
Hakufoka. Alihesabu masanduku mia nne
akaandika hasara kwa penseli,
kisha akaenda chumba namba tatu
kufungulia chupa ya gesi ile ile
kwa ndizi za Ijumaa.
Huku tunainunua kwa mtungi,
huku tunaifukuza kwa feni,
na mpumbavu wa unga anaitoa bure.

Nikalibeba limau kwenda pipani.
Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabichi
hata taa za barabarani zilikuwa madoa.
Na mfukoni, ukungu.
Lugha yangu haikuona haja ya neno la pili.
Zamani niliona ni uvivu wake.
Nikafunga mfuko mara mbili.

Nyumbani, juu ya friji,
nina mkungu wa ndizi za kupika, kijani kabisa,
nilioulipia pauni tisa Peterborough
kwa ajili ya wageni wa Jumapili.
Nikasimama mlangoni, nikajinusa mkono wa koti.
Hakuna kitu.
Nikalivua hata hivyo, nikaliacha nje
kwenye msumari, kwenye baridi,
nikaingia kwa ubavu
kama mwenye deni.